Walipotaka Kununua Figo Yangu

Mbulumbulu

Mwanangu Paulina,

Watu huanza barua kwa kuulizana hali. Hali yako naijua. Nakusikia hapo uani ukicheka na wadogo zako huku mkikunja nguo, na jua bado liko juu. Baba yako ameteremka Karatu kuulizia gari la kesho. Nimejifungia chumbani nikasema kichwa kinaniuma, ili nipate kukuandikia jambo ambalo uso kwa uso lingenishinda. Utaisoma ukifika chuoni, au ndani ya basi kama huna subira, nami najua huna.

Sitakuandikia habari za kutunza nguo, wala kuchagua marafiki, wala kukumbuka kusali. Hayo nimekuimbia tangu unatambaa, na yaliyokuingia yamekwisha kuingia. Nataka kukuandikia juu ya neno ulilolisema Jumapili.

Tulikuwa tunakula. Yule rafiki yako aliyekuja kukuaga alisema amesikia redioni kwamba ziko nchi ambako mtu anaruhusiwa kuuza figo yake, na kwamba wapo wasomi wanaotaka sheria ya namna hiyo ienee, maana wagonjwa wanakufa wakingoja. Baba yako akainamia sahani. Wewe ukasema, kwa ile sauti yako ya mdahalo wa shuleni, kwamba huoni kosa liko wapi. Mtu ni mzima, ana akili yake, daktari amempima, sheria inamlinda, anatia sahihi mwenyewe. Mgonjwa anapona na maskini anapata. Nani ameumia?

Nikainuka nikaenda jikoni. Ulidhani nimekwenda kutazama chai. Nilikwenda kutema mate kwenye majivu. Sikukukasirikia wewe. Maneno yale yale, karibu kwa mpangilio ule ule, niliwahi kuyasikia ndani ya nyumba hii. Yalikuwa yanasemwa juu ya mwili wangu, na mimi nimeshika birika ninawamiminia chai wasemaji.

Unamkumbuka Mzee Kornelio, mwenye yale mashamba ya ngano kule juu, na kombaini, na malori mawili. Unamkumbuka kwa wema, na hukosei. Mdogo wako Fabiano alipokataa kutoka tumboni, ni lori la Mzee Kornelio lililonipeleka hospitali kwenye matope, na hakutaka hata shukrani. Ndiyo maana ilipotangazwa kanisani kwamba Mzee ni mgonjwa sana, na kwamba wanatakiwa watu wazima wenye afya wakatoe damu kidogo ipimwe ili asaidiwe, mimi nilikuwa miongoni mwa wa kwanza. Nilidhani ni damu wanayotaka. Nilisema, alinisaidia, na mimi nimsaidie. Sikuuliza zaidi. Wengi hatukuuliza. Tulipanda lori lake, tukachomwa sindano, tukapewa soda, tukarudi tukiimba.

Baada ya wiki chache alikuja hapa Mama Anselmi, mke wa Mzee Kornelio. Wewe ulikuwa darasa la saba. Ilikuwa miaka ile baada ya vita vya Uganda, dukani hakuna kitu, tunafulia majivu na kunywa uji usio na sukari. Mama Anselmi alileta mche mzima wa sabuni, sukari ndani ya mfuko wa khaki, na doti ya kitenge. Aliviweka mezani, akanishika mikono yote miwili, akalia. Alisema Mungu amenichagua. Sikuelewa nimechaguliwa kwa lipi, nikalia naye kwa kumwonea huruma.

Aliyekuja kunielewesha ni Leons, mdogo wake Mzee Kornelio, yule wa Arusha mwenye Landirova. Alikuja na baba mdogo wa baba yako, Babu Margwe, ili mazungumzo yawe ya kiukoo. Wakakaa na baba yako sebuleni. Leons alieleza vizuri, nakiri. Alisema figo za Mzee zimekufa zote mbili na anaishi kwa mashine ya Nairobi, na mashine haiwezi kumtunza siku nyingi. Alisema Bombay wako madaktari wanaotoa figo ya mtu mzima na kumwekea mgonjwa, na kwamba kule sheria haikatazi mtu kulipwa kwa figo yake. Kila kitu ni mbele ya wakili, kwa karatasi. Damu yangu imekubaliana na ya Mzee kuliko ya wote waliopimwa. Mungu katupa figo mbili, na moja inatosha. Kwa shukrani, familia ya Mzee ingetupa jozi ya maksai na plau, ingeezeka nyumba hii mabati, na wewe ungesomeshwa sekondari ya masista hadi mwisho.

Kisha akasema, "Hakuna anayelazimishwa. Shemeji akikataa, amekataa, tunabaki ndugu."

Yote hayo aliyasema akimtazama baba yako. Mimi nilikuwa nimesimama na birika. Sentensi ile ya mwisho tu ndiyo aliyonigeuzia uso, na aliigeuza kwa adabu sana.

Babu Margwe akakohoa. Akasema jambo hili ni la ukoo, kwa sababu ukoo ulitoa ng'ombe kunioa, na ulinioa mzima. Kwa hiyo kitakachotoka kwangu, wazee nao wana sehemu yao. Akapendekeza maksai mmoja aende kwake. Baba yako akasema maksai hatenganishwi na mwenzake, hawezi kulima peke yake. Wakabishana juu ya hilo, Paulina. Walibishana juu ya kugawana maksai wa figo yangu kabla mtu yeyote hajaniuliza kama ninakubali.

Usimchukie baba yako kwa haya. Ng'ombe wetu wote walikuwa wamekufa kwa ndigana, ule ugonjwa wa kupe, msimu uliotangulia, na mwanamume wa huku asiye na maksai hulala akilitazama shamba lake kama linamzomea. Hakunilazimisha. Hakuna siku aliyoniambia nenda. Ila alianza kupiga hesabu za mvua zitakapoanza, na ekari ngapi zingelimwa kwa plau, na mabati yangeanzia upande gani. Nikiinama kupuliza moto, nikigeuka, namkuta ananitazama ubavuni, hapa chini ya mbavu. Nimekwenda naye mnadani mara nyingi. Naijua ile namna anavyomtazama mnyama kabla ya kutaja bei.

Habari ikatoka nje. Nani aliitoa sijui, na haina maana. Kabla ya Leons kuja, tulikuwa maskini kama wenzetu. Mtu akiishiwa mbegu anaazima, asiye na maksai analimiwa na jirani, naye anamlipa kwa kupalilia. Ndivyo tulivyoishi hapa, unajua mwenyewe. Mvua zilipokaribia nilikwenda kwa Mama Gisela, ambaye tulikuwa tunaazimana hata chumvi, nikamwomba maksai wake kwa siku mbili. Alikuwa anachambua maharage. Hakuacha kuchambua.

"Mama Paulina," alisema, "mimi mwenye maksai wa kukodisha nina watoto saba. Wewe una mali umeikalia, halafu unakuja kuniomba mimi."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayemweleza mwenzake jambo la wazi. Nilirudi nyumbani nikiwa nimeshikilia tumbo, kama kwamba kweli kuna kitu nimekificha humo.

Ikawa hivyo kila nilikokwenda. Kwenye duka la ushirika walipogawa unga, mtu aliyesimama nyuma yangu alisema wenye njia nyingine wawapishe wenye shida. Kaka yangu wa Mbulu, aliyekuwa akinitumia kidogo kila mavuno, alileta ujumbe kwamba amesikia nimepata bahati na sasa atawasaidia wadogo zetu wengine. Katekista, mtu mpole, aliniuliza kama nimemwomba Mungu aniondolee hofu. Aliiita hofu. Hakuna aliyenipiga, hakuna aliyenitishia. Kila mmoja alisema uamuzi ni wangu. Lakini uamuzi wa kukataa, walikuwa wamekwisha kuufanya uwe na gharama, na gharama yenyewe walikuwa wananitoza kila siku. Kabla ya hapo figo yangu ilikuwa figo tu, sikuwahi hata kuifikiria. Tangu siku Leons alipoipa bei, ikawa kitu ninachowanyima watu.

Nawe ulisema Jumapili, kama sheria ikiruhusu na mtu akakubali mwenyewe. Mimi nimeishi ndani ya ruhusa hiyo majuma mengi. Haikunipa lolote nililokuwa sina. Ilininyang'anya maksai wa Mama Gisela.

Nitakuambia jinsi nilivyokata shauri, na hapa jina lako linaingia. Ulirudi kutoka shule ukiwa na pipi mkononi. Ukaniuliza, ukiwa bado hujaweka daftari chini, kama ni kweli nikienda Bombay wewe utasoma kwa masista, utavaa viatu vyeusi. Nikakuuliza nani kakuambia. Ukasema mke wa Leons alisimamisha gari njiani akakupa pipi, akakuambia, "Mwombe mama yako, yeye ndiye anayechelewesha." Ulikuwa unatabasamu. Hukujua Bombay watanifanya nini. Ulidhani ni kazi.

Sijui kama unaikumbuka siku ile. Natumaini huikumbuki. Nilikunyang'anya ile pipi nikaitupa kwenye shimo la choo, na ukalia, na sikukueleza. Halafu nikafunga kilichobaki cha sabuni na kile kitenge, nikatwaa khanga yangu, nikapanda kwa miguu mpaka nyumbani kwa Mzee Kornelio. Baba yako aliniona napita mbele ya zizi tupu. Hakuniuliza naenda wapi.

Mzee alikuwa amerudishwa kwa siku mbili kutoka kwenye mashine ya Nairobi, amelala kwenye kiti barazani, amefunikwa blanketi mchana wa jua kali. Amevimba uso, miguu kama magogo, na pumzi yake ilikuwa na harufu ya mkojo. Nilimwonea huruma, Paulina, naiandika hii kwa sababu ni kweli. Ni vigumu kumkatalia mtu anayekufa mbele yako. Nilimsalimu, nikakaa, nikaweka sabuni na kitenge sakafuni. Nikamuuliza swali ambalo lilikuwa halijanitoka kichwani tangu Leons aliposema damu yangu imefaa. Nilimuuliza wanawe, Anselmi na wenzake, damu yao inasemaje.

Akanijibu kama mzazi anavyomjibu mzazi, bila kuona aibu yoyote.

"Anselmi na mdogo wake damu yao inafaa. Daktari alisema inafaa sana. Lakini nitawezaje kuwakata wanangu? Ni vijana, wana maisha mbele yao. Wewe una watoto, unanielewa."

Anselmi alikuwa uani wakati huo, anaosha Landirova bila shati. Nilimwona mgongo wake mpana, na mbavu zake, na maji yanavyomtiririka. Kijana mzuri, mwenye afya, amekula maziwa na nyama maisha yake yote. Mimi nilikuwa nimezaa watoto wanne, na kile kiangazi nilikuwa nakula mara moja kwa siku ili ninyi mle mara mbili.

Nikamwambia, "Na mimi, Mzee, ni mtoto wa nani?"

Akaanza kulia, na mkewe akatoka ndani akaniomba nisimsumbue mgonjwa. Nilisimama nikasema kwa sauti ambayo Anselmi naye aliisikia kwamba sitakwenda Bombay, na wasimtume tena mtu kwa mume wangu, wala kwa mtoto wangu. Nikaondoka. Pale kwenye mtaro, chini ya shamba lake la ngano, nilitapika. Si kwa sababu walikuwa watu wabaya. Kilichonitia kinyaa ni kwamba walikuwa wanapendana. Ilikuwa nyumba ya upendo kabisa, na upendo wenyewe ndio uliowatuma kwenda kutafuta mtoto wa mtu mwingine wa kupasua.

Nilidhani nikikataa mambo yamekwisha. Hilo lilikuwa kosa langu, na linanirudia mpaka leo. Ile bei iliteremka tu kwa aliye chini yangu.

Pale kwenye ghala la ngano la Mzee Kornelio alikuwako mlinzi, Saning'o, Mmasai wa Kakesio. Unamkumbuka, alikuwa anakuletea ubuyu. Wazazi wake walikuwa wakiishi ndani ya kreta ya Ngorongoro mpaka walipoambiwa watoke. Huko walikohamia ukame na magonjwa vikamaliza ng'ombe, na yeye akaja huku kushika rungu kwenye mlango wa ghala la mtu. Alikuwa na wake wawili na watoto, na mama yake mzee, wote wakingoja alichotuma. Damu yake ilikuwa imefaa pia, si kama yangu, lakini ilifaa. Walipomwambia, alikubali siku ile ile.

Nilipata habari kwa Mama Gisela, nikamfuata ghalani. Nilimweleza yote, hata habari ya Anselmi. Alinisikiliza vizuri, ameegemea rungu lake. Alipojibu alijibu polepole, kwa Kiswahili chake cha kuchagua maneno.

"Mama Paulina, wewe una shamba. Ukikataa, unarudi shambani. Mimi nikikataa, narudi wapi?"

Nikasema labda Mungu angefungua njia. Akatabasamu kwa heshima, kama mtu anavyomtabasamia mtoto wa mwenzake. Akasema mwanamume wa kwao bila ng'ombe ni mtu aliyekwisha kuzikwa, na kwamba kama wamemwona ana kitu cha kuuza, ni afadhali akiuze angali hai. Sikuwa na ng'ombe wa kumpa. Kumwambia mtu asiuze bila kumpa kitu mkononi ni kumpa maneno matupu, nami nilirudi nyumbani nikiwa nimempa hayo.

Alikwenda na Leons. Alikuwa hajawahi kuiona hata Arusha, akapandishwa ndege. Alirudi baada ya miezi kadhaa, amekonda, ana koti la suti alilopewa. Ng'ombe walimpa, siwezi kusema walimdhulumu, walikuwa ng'ombe wazuri. Aliwapeleka Kakesio, na kwa muda watu walimsifu. Ila ng'ombe wa kule hufuatwa kwa miguu mbali kiangazi, kwenye maji na kwenye magadi, na Saning'o hakuweza tena. Akitembea kutwa, ubavu unamkaza na homa inampanda. Alikuja siku moja hospitali, akapita hapa kupumzika. Daktari wa pale alitaka karatasi za upasuaji ajue alifanyiwa nini hasa, na karatasi zilikuwa kwa Leons, na Leons alisema zilipotea. Saning'o alikaa pale kwenye benchi letu, akaiteremsha shuka yake, akamwonyesha baba yako kovu. Lilianza mgongoni likazunguka mpaka karibu na kitovu, limevutana kama kiatu kilichoshonwa vibaya.

Baba yako alilitazama muda mrefu. Kisha akatoka nje akaenda shambani na jembe la mkono, akalima mpaka kiza kikaingia. Hajawahi kuniomba radhi, na mimi sijawahi kumdai. Lakini tangu siku ile hajapata kutazama ubavu wangu.

Ng'ombe wa Saning'o wakachungwa na shemeji zake, nao wakajichukulia baadhi kuwa ujira wa kuchunga, na wengine wakauzwa kununua dawa. Sasa yuko Karatu, analinda mlango wa duka linalouza vinyago kwa watalii. Amerudi pale pale, kwenye mlango wa mtu, na figo moja.

Mzee Kornelio alipona. Ile misa ya shukrani unaikumbuka, uliimba kwaya umevaa sketi ya kuazima. Palichinjwa fahali, mkala mkashiba, nami sikuwakataza. Mzee alisimama altareni amenenepa, akamshukuru Mungu aliyempa figo, akawashukuru madaktari, akamshukuru mkewe kwa kuvumilia na mdogo wake kwa kuhangaika. Saning'o, ambaye alikuwa bado hajaondoka na ng'ombe wake, alikuwa nje, amewekwa kulinda magari. Nilikuwa nimekaa karibu na dirisha, namwona. Alisikia yote kwenye kipaza sauti. Jina lake halikutajwa, na sikuona kwamba alilitegemea. Watu wakapiga makofi. Mikono yangu niliiweka chini ya mapaja.

Sitakudanganya kwamba kukataa kulitulipa. Shule ya serikali hukuchaguliwa, na miaka miwili ulikaa nyumbani ukiniona mimi ndiye niliyekufungia mlango. Siku moja ulisema wenzako wana mama wanaowahangaikia. Nilikuwa nimetoka Mang'ola, ambako nilikwenda kung'oa vitunguu vya watu kwa misimu miwili. Jua la kule, pale karibu na Ziwa Eyasi, lilinichuna ngozi ya mabega, na nilikuwa nanuka vitunguu hata mkakataa kulala karibu nami. Vile vitunguu ndivyo vilivyokupeleka kidato cha kwanza. Ulichelewa, ukawa mkubwa kuliko wenzako darasani, wakakuita shangazi. Samahani kwa hilo. Ningeweza kukueleza mapema, lakini sikutaka usome ukijua kwamba uliwahi kuwekwa kwenye mizani upande mmoja na nyama yangu upande mwingine.

Ningekufa na hadithi hii kama si mambo mawili. La kwanza ni maneno yako ya Jumapili. La pili sijamwambia hata baba yako.

Mwezi uliopita nilikuwa kwenye gulio la Karatu nauza maharage. Leons akaja amevaa miwani myeusi, amezeeka kidogo, ana adabu ile ile. Akaniita shemeji, akanunua maharage asiyoyahitaji. Akaniambia kazi imekua. Wapo wagonjwa Nairobi, wapo Arusha, na vijana wa Kakesio na wa Soitsambu wanamtafuta wenyewe, hamfuati mtu siku hizi. Wengine waliomtafuta waliulizia kwa Saning'o njia ilivyo, na Saning'o aliwaonyesha kovu, nao walilitazama kisha wakauliza tena njia ilivyo. Leons alicheka alipoisimulia. Akasema kinachomsumbua ni kupima damu, kwamba anapoteza muda na watu wasiofaa. Akasema angekuwa na mtu ndani ya hospitali, mwenye kuona majina na damu za watu wanaokuja kutibiwa, kazi ingekuwa safi.

Kisha akaniuliza, kwa sauti ya mjomba, "Nasikia Paulina anakwenda kusomea uuguzi?"

Nilifunga gunia langu nikaondoka, na maharage mengine yakamwagika chini. Sikuyaokota.

Utavaa nguo nyeupe, mwanangu, na kila atakayelala mbele yako atakuwa ameandikwa jina na damu yake. Wengi watakuwa kama mimi kile kiangazi, na wengine kama Saning'o. Siku moja huenda sheria ya hapa nayo ikaruhusu, na mtu ataletwa kwako akitembea kwa miguu yake, akiwa na karatasi yenye sahihi. Mimi nakuomba tu, kabla hujaamini sahihi yake, uwatoe nje wale waliokuja naye, ukae naye kitandani, umuulize akikataa leo atarudi wapi. Ukishasikia jibu, utajua aliyetia sahihi ni nani.

Namsikia baba yako amerudi, anamuuliza Fabiano niko wapi. Naikunja barua hii.

Leons atakufuata huko. Atakuja na matunda, au na pea ya viatu, na atakuambia mama anakusalimu.

Ujue sikumpa salamu zozote.

Mama yako,
Mama Paulina